Mila, Ardhi na Ushahidi katika Filamu ya The Wicker Man (1973): Historia ya Wazo la Masalia ya Upagani

Ikisiri

The Wicker Man (1973) ni filamu ya Uingereza inayosimulia kisa cha askari polisi Mkristo anayekwenda katika kisiwa cha Uskoti kumtafuta msichana anayedaiwa kupotea, na ambaye mwishowe anachomwa moto kuwa kafara ya mavuno. Usomaji uliozoeleka huiona filamu hii kuwa hadithi ya upagani wa kale uliosalia mashambani. Makala hii inatoa hoja tofauti: kwa ushahidi wa filamu yenyewe na wa vitabu ilivyovitegemea, upagani wa Summerisle si masalia bali ni mila iliyoanzishwa na mwenye ardhi katika karne ya 19 kwa sababu za uzalishaji. Makala inafuatilia wazo la masalia kutoka kwa Julius Caesar hadi kwa James Frazer, na kutoka kwa Frazer hadi Uganda ya kikoloni. Kisha inaeleza kwa nini suala hilo linawahusu watafiti na washauri wa sera wanaotumia maandishi ya mila kama ushahidi.

1.0 Utangulizi

Filamu za kutisha zinazojengwa juu ya mila za vijijini zimepata jina na mipaka yake hivi karibuni tu. Mwongozaji Piers Haggard alilitumia jina hilo kuielezea filamu yake mwenyewe, Blood on Satan's Claw ya 1971. Mwaka 2010 mwandishi na mwigizaji Mark Gatiss alilieneza kupitia vipindi vya televisheni ya BBC kuhusu historia ya filamu za kutisha. Tangu hapo filamu tatu zimekuwa zikitajwa pamoja kama msingi wa aina hiyo: Witchfinder General ya Michael Reeves (1968), hiyo ya Haggard, na The Wicker Man ya Robin Hardy. Mbili za kwanza husimulia mambo ya karne zilizopita. Ya tatu peke yake imewekwa katika wakati wake, na kwa hiyo inazua swali gumu zaidi la kihistoria: imekuwaje watu wa karne ya 20 wanatenda mambo yanayodhaniwa kuwa ya kale?

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Sajini Neil Howie, ambaye ameigizwa na Edward Woodward, anapokea barua isiyo na jina la mwandishi inayodai kwamba msichana aitwaye Rowan Morrison ametoweka katika kisiwa cha Summerisle. Anaruka kwa ndege hadi kisiwani na kukuta jamii iliyoacha Ukristo. Watoto wanafundishwa shuleni maana ya mti wa Mei, vijana wa kike wanaruka juu ya moto, na kanisa limeachwa gofu. Mtawala wa kisiwa, Lord Summerisle, ambaye ameigizwa na Christopher Lee, anakiri waziwazi kwamba watu wake wanaabudu miungu ya zamani. Howie anashuku kuwa Rowan atatolewa kafara siku ya Mei Mosi kwa sababu mavuno ya matufaha ya mwaka uliotangulia yalishindikana. Anapojaribu kumwokoa anagundua kwamba kafara ni yeye mwenyewe. Anafungiwa pamoja na wanyama ndani ya sanamu kubwa ya mtu iliyosukwa kwa fito, nayo inatiwa moto huku yeye akiimba Zaburi ya 23 na wanakijiji wakiimba wimbo wa Kiingereza cha zama za kati wa kukaribisha kiangazi.

Ikitazamwa kwa haraka, hadithi hii inathibitisha kwamba chini ya ardhi ya Ulaya ya Kikristo upagani ulikuwa hai muda wote ukisubiri kuibuka. Sehemu zinazofuata zinaonyesha kwamba filamu haisemi hivyo.

2.0 Kutengenezwa na Kukatwa kwa Filamu

Mswada uliandikwa na Anthony Shaffer, mtunzi wa tamthilia ya Sleuth, aliyekuwa pia ameandika mswada wa Frenzy ya Alfred Hitchcock (1972). Chimbuko la mbali la kisa ni riwaya ya David Pinner, Ritual (1967), ingawa mswada uliokamilika uliachana nayo kwa kiasi kikubwa. Shaffer na Hardy waliitafutia hadithi yao matambiko katika vitabu, na kitabu kikuu kati ya hivyo kilikuwa The Golden Bough cha James Frazer.

Picha zilipigwa Uskoti katika vuli ya mwaka 1972, ilhali kisa kinatokea mwishoni mwa Aprili na siku ya Mei Mosi. Ilibidi miti ifungwe maua ya bandia ili majira ya baridi yaonekane kuwa masika. Hapakuwa na kisiwa kimoja kilichotumika: kijiji cha Plockton kilitoa mandhari ya bandari, na miji ya Gatehouse of Fleet, Kirkcudbright na Creetown ilitoa mitaa na majengo. Sanamu ilichomwa katika rasi ya Burrow Head, karibu na Whithorn. Mahali hapo pana kinaya cha kihistoria, kwani mapokeo yanaihusisha Whithorn na Mtakatifu Ninian, na akiolojia inaihesabu miongoni mwa vituo vya kwanza kabisa vya Ukristo nchini Uskoti. Kwa maneno mengine, filamu inayodai kuonyesha eneo ambalo Ukristo haukushika mizizi ilipigwa mahali ambapo Ukristo ulianza mapema kuliko karibu popote katika nchi hiyo.

Kampuni ya British Lion, iliyoigharimia filamu, ilibadilisha wamiliki katika kipindi hichohicho, na viongozi wapya hawakuwa na imani na kazi hiyo. Filamu ilikatwa hadi kufikia dakika 87 na kuonyeshwa kama filamu ya nyongeza pamoja na Don't Look Now ya Nicolas Roeg. Sifa yake ilikua polepole. Jarida la Marekani la Cinefantastique liliitolea toleo maalumu mwaka 1977, na mwaka 2013 ikatolewa nakala iliyorudishiwa baadhi ya sehemu zilizokatwa. Katika nakala fupi, matukio ya mwanzo yanayomwonyesha Howie akiwa kazini bara yaliondolewa. Katika nakala ndefu, filamu inafunguliwa kwa maandishi ambayo mtayarishaji anamshukuru Lord Summerisle na watu wa kisiwa chake kwa kuwaruhusu watengenezaji kuzishuhudia ibada zao. Shukrani hizo ni za kubuni, kwa kuwa kisiwa hicho na bwana wake ni vya kubuni. Hata hivyo zimeandikwa kwa mtindo uleule wa shukrani za wanaanthropolojia mwanzoni mwa vitabu vyao. Tangu sekunde za kwanza, basi, mtazamaji anaalikwa kuichukulia filamu kama ripoti ya utafiti wa nyanjani.

3.0 Sanamu ya Fito: Kutoka kwa Caesar hadi kwa Frazer

Ushahidi wa sanamu inayobeba watu na kuchomwa moto ni wa maandishi, na ni mchache. Julius Caesar, katika kitabu cha sita cha maelezo yake ya vita vya Gallia, anasema kwamba baadhi ya Wagallia walitengeneza sanamu kubwa za fito, wakazijaza watu hai na kuzichoma. Anaongeza kuwa waliopendelewa kwa kafara walikuwa wezi na wahalifu, na walipokosekana, wasio na hatia walichukuliwa. Mwanajiografia Strabo anataja jambo linalofanana, akiongeza mifugo na wanyama wa mwituni. Wote wawili walizungumzia Gallia, yaani kwa sehemu kubwa Ufaransa ya leo, wala si Uskoti. Caesar aliandika akiwa jemadari anayezipigania ardhi za watu hao, na kuwaonyesha kuwa wakatili kulikuwa na manufaa kwake.

Picha ya sanamu hiyo iliyozoeleka leo ilichorwa baadaye sana. Mwaka 1676 Aylett Sammes alichapisha kitabu kuhusu mambo ya kale ya Uingereza chenye mchoro wa jitu la fito lililojaa watu, na mchoro huo ukanakiliwa mara nyingi. Sentensi chache za jemadari wa Kirumi kuhusu Gallia ziligeuka hivyo kuwa picha ya Uingereza ya kale.

Frazer, aliyezaliwa Glasgow mwaka 1854 na kufanya kazi Cambridge, alilipa jambo hilo nadharia. The Golden Bough kilitoka kwanza mwaka 1890 katika juzuu 2, na toleo la tatu, lililokamilika mwaka 1915, likafikia juzuu 12. Akifuata nyayo za mtaalamu wa Kijerumani Wilhelm Mannhardt, Frazer alidai kwamba sherehe za wakulima wa Ulaya, kama vile mti wa Mei, mioto ya kiangazi na majitu yanayobebwa katika maandamano, zilikuwa masalia ya ibada za kale za rutuba. Kiini cha nadharia yake kilikuwa mfalme ambaye uhai wake umefungamana na uhai wa mazao, na ambaye lazima auawe nguvu zake zinapopungua. Frazer hakwenda kuishi na wakulima wala na jamii za mbali alizoziandikia. Alisoma, akapanga na kulinganisha.

Wanahistoria wa baadaye wamebomoa sehemu kubwa ya jengo hilo. Ronald Hutton, katika uchunguzi wake wa mwaka wa sherehe nchini Uingereza (1996), alionyesha kuwa desturi nyingi zilizodhaniwa kuwa za kipagani haziwezi kufuatiliwa nyuma hadi kabla ya Ukristo, na kwamba nyingine zina asili ya karne za karibuni. Wakulima walikuwa wakibuni, wakikopa na kuacha desturi kama watu wengine wowote.

4.0 Mwaka 1868: Mbegu, Miungu na Mwenye Ardhi

Jambo la kushangaza ni kwamba filamu yenyewe inakubaliana na wanahistoria hao zaidi kuliko inavyokubaliana na Frazer. Katika mazungumzo yake ya kwanza na Howie, Lord Summerisle anaeleza asili ya dini ya kisiwa bila kuficha. Babu yake, mwanasayansi wa kilimo na mtu asiyeamini dini, alikinunua kisiwa hicho mwaka 1868. Wakazi walikuwa maskini wakitegemea kondoo na bahari. Babu aliamini kwamba udongo wa volkano na mkondo wa bahari wenye joto vingewezesha aina mpya za matunda alizozizalisha kustawi. Alichohitaji ni nguvu kazi yenye ari. Ili kuwaamsha watu kutoka katika kukata tamaa, aliwarudishia miungu ya zamani ya furaha. Matunda yalipostawi, wachungaji wa kanisa waliondoka. Lile ambalo babu alilianzisha kwa sababu ya manufaa, mwana aliliendeleza kwa mapenzi, na mjukuu akalelewa ndani yake.

Maelezo haya yanaiweka Summerisle katika historia inayojulikana ya Nyanda za Juu na visiwa vya Uskoti. Karne ya 19 ilikuwa karne ya wenye ardhi walionunua visiwa vizima pamoja na wapangaji wake: James Matheson, kwa mfano, alikinunua kisiwa cha Lewis mwaka 1844. Ilikuwa pia karne ya majaribio ya kilimo. Bustani ya Inverewe, iliyoanzishwa na Osgood Mackenzie mwaka 1862 katika pwani ya magharibi, bado inaonyesha mimea ya nchi za joto inayostawi pale kwa sababu ya mkondo huohuo wa bahari. Wapangaji wadogo walipata ulinzi wa kisheria dhidi ya kufukuzwa kwa sheria ya mwaka 1886 tu. Mwenye kisiwa aliyeamua watu wake walime nini, na hata waabudu nini, si ndoto iliyopita mipaka ya wakati huo.

Tarehe yenyewe inafunua jambo jingine. Mwaka 1868 ulitangulia toleo la kwanza la The Golden Bough kwa miaka 22. Matambiko yanayoonekana kisiwani, ambayo kitabu hicho kiliyakusanya kutoka pembe mbalimbali za Ulaya, hayangeweza kuwa yamepatikana kwa babu huyo katika umbo hilo. Yameingia kisiwani kupitia maktaba ya mwandishi wa mswada. Hivyo mila ya Summerisle imetengenezwa mara mbili: ndani ya hadithi na mwenye ardhi, na nje ya hadithi na wasomaji wa Frazer.

Msingi huu wa kiuchumi unaufafanua pia mwisho wa kisa. Howie, akiwa amefungwa, anawaambia wanakijiji ukweli wa kitaalamu: matufaha hayakufa kwa hasira ya miungu bali kwa sababu aina zile za mbegu zimedhoofika na matunda hayo hayakuumbiwa mahali pale. Kisha anamgeukia Lord Summerisle na kumwonya kwamba mavuno yakishindikana tena, kafara pekee itakayotosha mwaka unaofuata ni bwana wa kisiwa mwenyewe. Hiyo ndiyo nadharia ya Frazer ya mfalme anayeuawa, ikitamkwa na Mkristo dhidi ya mtu aliyefaidika nayo. Lord Summerisle anajibu kwamba mavuno hayatashindikana, na uso wake unaonyesha kuwa hana hakika. Kosa ni la mpango wa kilimo ulioletwa na ukoo wake, lakini gharama inabebwa na mgeni. Tambiko linaukinga umiliki wa ardhi dhidi ya swali ambalo wapangaji wangepaswa kuuliza.

5.0 Sajini Howie Kama Msomaji wa Nyaraka

Howie kwa kawaida hutazamwa kama mwakilishi wa kanisa na dola. Ni vyema pia kumtazama kama mtafiti. Anakagua daftari la mahudhurio shuleni na kulikuta jina la Rowan. Anadai kuona kumbukumbu za vizazi na vifo. Anaomba kibali cha kufukua kaburi, na ndani ya jeneza anakuta sungura. Katika nyumba ya wageni ya Green Man anaona ukutani picha za sherehe za mavuno za kila mwaka, na kugundua kwamba ya mwaka uliotangulia haipo. Anaingia kwa siri katika chumba cha mpiga picha, anaisafisha picha hiyo na kuona kreti zisizo na mavuno ya kutosha. Anashangaa pia kulishwa vyakula vya makopo katika kisiwa kinachosifika kwa matunda. Hatimaye anakwenda maktaba ya kisiwa na kusoma kitabu kinachoeleza sherehe za Mei na kafara zilizoambatana nazo.

Kila ushahidi ni wa kweli na kila hatua ya hoja ni sahihi, lakini hitimisho ni kosa. Mavuno yameshindikana kweli, na kafara inaandaliwa kweli. Asichokijua Howie ni kwamba barua iliyomleta, daftari, kaburi na picha vilipangwa ili avisome kama alivyovisoma. Alichaguliwa kwa sifa ambazo wanakijiji walihitaji: alikuja kwa hiari, alikuja na mamlaka ya mfalme kwa kuwa ni mlinzi wa sheria, alikuja akiwa bikira, na mwishowe alivaa vazi la chale. Kitabu alichokisoma maktabani kilimfundisha kwamba mtu atauawa. Hakikumfundisha kuuliza nani alikiweka kitabu hicho mahali atakapokiona.

6.0 Kutoka kwa Frazer hadi Uganda

Swali hilo halikubaki Uskoti, kwa kuwa Frazer hakutegemea Ulaya pekee. Miongoni mwa watoa taarifa wake muhimu barani Afrika alikuwa John Roscoe, mmisionari wa Church Missionary Society aliyeishi Uganda kwa miaka mingi na kuandikiana barua na Frazer. Kitabu chake, The Baganda, kilitoka mwaka 1911. Mwaka 1919 na 1920 Roscoe alirudi Uganda katika safari ya utafiti iliyoungwa mkono na Frazer na kugharimiwa na Sir Peter Mackie, mtengenezaji wa wiski wa Uskoti. Safari hiyo ilizaa vitabu kuhusu Wanyoro, Wanyankole na Wagisu vilivyochapishwa mwaka 1923 na 1924. Maswali yaliyoulizwa nyanjani yalikuwa yameathiriwa na nadharia iliyokwisha kuandikwa Cambridge, na majibu yakarudi kuithibitisha. Benjamin Ray, katika kitabu chake kuhusu ufalme wa Buganda (1991), amechunguza kwa kina jinsi mawazo ya Frazer yalivyoathiri maandishi hayo.

Upande wa watoa taarifa nao unahitaji kutazamwa. Roscoe alisaidiwa kuwapata wazee na Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda, ambaye mwenyewe alikuwa amekwisha kuandika kwa Kiganda kuhusu wafalme na desturi za nchi yake. Kagwa alikuwa Mkristo wa Kiprotestanti, na mmoja wa viongozi waliopata ardhi kubwa ya mailo kutokana na Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900. Hili halimaanishi kwamba maandishi yake ni ya uongo. Ni hazina ambayo historia ya eneo hili haiwezi kuikosa. Linamaanisha kwamba desturi ilikuwa ikiandikwa katika muongo uleule ambao ardhi ilikuwa ikigawanywa upya, na kwa kalamu ya mtu aliyehusika na kazi zote mbili.

Nadharia ya mfalme anayeuawa nayo ilipata pingamizi barani Afrika. Frazer aliwatumia Washiluki wa Sudan Kusini ya leo kama mfano bora, kwa kutegemea taarifa za Charles Seligman. Katika Mhadhara wa Frazer wa mwaka 1948, E. E. Evans-Pritchard alidai kwamba kuuawa kwa mfalme kitambiko huenda kulikuwa simulizi tu, na kwamba nyuma yake mlikuwa na maasi ya kisiasa ya wana wa wafalme waliogombea kiti. Yaliyoandikwa kama dini ya kale yalikuwa, kwa maoni yake, siasa ya wakati wake.

Miaka 35 baadaye, kitabu cha The Invention of Tradition (1983), kilichohaririwa na Eric Hobsbawm na Terence Ranger, kiliziweka Uskoti na Afrika ndani ya jalada moja. Hugh Trevor-Roper aliandika kuhusu mila za Nyanda za Juu za Uskoti, na Ranger, aliyewahi kufundisha historia Dar es Salaam, akaandika kuhusu mila za Afrika ya kikoloni. Mwaka 1993 Ranger aliirekebisha hoja yake, akikiri kwamba neno kubuni linamfanya mkoloni aonekane mtendaji pekee, na kwamba mila huendelea kufikiriwa na kubadilishwa na wengi. The Wicker Man ilikuwa imekwisha kulionyesha jambo hilo: kisingizio cha babu kikawa imani ya kweli ya wajukuu wa wapangaji wake.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba The Wicker Man si hadithi ya upagani uliosalia. Ni hadithi ya mila iliyoanzishwa na mwenye ardhi, ikajazwa matambiko kutoka vitabuni, ikaaminiwa na vizazi vilivyofuata, na hatimaye ikatumika kufunika kushindwa kwa mpango wa kilimo. Baada ya filamu, Uskoti ilishuhudia mfano mwingine: tamasha la muziki la Wickerman, lililofanyika kusini magharibi mwa nchi hiyo hadi mwaka 2015, lilikuwa na desturi ya kuchoma sanamu ya fito. Desturi hiyo ilitokana na filamu, iliyotokana na Frazer, aliyeitumia taarifa ya Caesar.

Kwa washauri wa sera katika kanda hii suala hili lina uzito wa moja kwa moja. Uganda ilifuta falme zake mwaka 1967, ikazirejesha mwaka 1993, na Katiba ya mwaka 1995 ikaitambua taasisi ya viongozi wa jadi. Panapotokea haja ya kuthibitisha desturi ilivyokuwa, maandishi ya kizazi cha Roscoe na Kagwa ni miongoni mwa ya kwanza kufunguliwa. Makala inapendekeza kwamba maandishi ya namna hiyo yasikubaliwe wala kukataliwa kwa ujumla, bali kila dai la desturi lisomwe pamoja na kumbukumbu za ardhi za wakati lilipoandikwa, na pamoja na taarifa za yule aliyeuliza maswali. Inapendekeza pia kwamba kugundua asili ya karibu ya mila kusichukuliwe kuwa sababu ya kuidharau, kwa kuwa wanaoishi ndani yake huiamini kwa dhati. Swali la kisera linalobaki ni nani ananufaika na mila hiyo inapotimizwa, na nani analipa gharama yake inaposhindwa.